Makame wa Chombo cha Angani

Jirani walijaa tena sebuleni kwa Mwanakombo kutazama tamthilia ya chombo cha angani, maana fundi mitambo wa chombo hicho alikuwa marehemu mumewe, Makame. Siku hizi wahusika wa televisheni walichongwa kutoka kumbukumbu za wafu, na kila mfu alitokea jinsi alivyojiona mwenyewe.

"Ana subira, jamani!" alisema Bi Semeni akijifuta machozi. "Anasikiliza watu. Ndiyo maana tunampenda."

"Mnampenda kwa sababu hamkuishi naye," Mwanakombo alifoka.

"Hebu nyamaza, tunatazama."

Nyumba ni yake, na bado akanyamazishwa. Kwenye skrini akaingia mke wa fundi, sura ni ya Mwanakombo mtupu, akatukana, akamrushia mumewe sahani. Makame akainama kuokota vipande, bila neno. Mwanakombo akaushika mkono wake wa kushoto, ule ambao Makame aliuvunja siku ya sahani hiyo na ambao uliunga vibaya.

Bintiye Raya, aliyekuwa bado ananyonya wakati baba yake alipofariki, akamgeukia, macho yamemwiva kwa kulia.

"Mama, baba alikukosea nini hata ukamtesa hivi?"