Dosari ya Kofia

Dakta Mselem aliiweka insha mezani kana kwamba inanuka. Ilihusu kuuza kofia za kudariziwa katika masoko ya dunia, na bila ya kufaulu kwayo, mwanafunzi wake Mwanakheri asingepata shahada yake.

"Binti, nani aliyekuandikia?"

"Nimeiandika mwenyewe, mwalimu."

"'Aingiaye soko la ugenini na aanze kwa kuitaja dosari ya bidhaa yake.' Kitabu gani kinafundisha hasara hii?"

"Si kitabu. Ndivyo mama alivyonifunza kuuza. Dosari ikifichwa, pato halina baraka."

"Kila anayebanwa hapa humtaja mamaye." Akacheka kidogo. "Haya, niuzie kitu."

Mwanakheri akatoa mkobani kofia nyeupe aliyoidarizi kwa mkono wake. "Ukingoni hapa, mwalimu, uzi umelegea. Ukiisugua kwa nguvu utafumuka."

Dakta akangoja sifa zifuate, lakini hazikufuata. Ndipo shaka ilipomzidi: huenda ukweli huo nao ni chambo. Akaiinua kofia dirishani, akawa anaitafuta dosari ya pili, ile aliyofichwa. Mwanga ukapenya vitobo vyote vya darizi ukamtapakaa usoni, na Mwanakheri amesimama, anasubiri.