Mshale wa Dira

Mteja alichagua kifaa cha GPS cha bei ghali kuliko vyote, chenye dira ndani. "Sitaki droni yangu ikosee njia hata kidogo."

Nilikibandika juu ya droni, mshale mdogo mweupe uliochorwa juu yake ukielekea mbele. Mshale ukikaa vibaya, droni hupotea. Gundi ilikuwa bado mbichi.

"Ikimaliza kazi irudi wapi?" nikamuuliza, kama ninavyowauliza wote.

"Haitarudi, fundi."

Akanionyesha kwenye simu mahali inapokwenda. Nikaliona paa jekundu, na tangi la bluu nililompandishia dada yangu kwa mikono yangu.

Nikakishika tena kile kifaa.

"Unafanya nini tena?"

"Nainyoosha dira," nikasema, na kwa kidole gumba nikakizungusha kifaa, mshale ukatazama nyuma.

Akavaa miwani yake, akainama kuukagua mshale.