Msumari wa Tatu

Katika mtaa wa mafundi, mlango haukutoka mpaka watu watatu waupigilie msumari mmoja mmoja, kama sahihi zao: Shomvi aliyeranda mbao, Kitwana aliyefua bawaba, na mwisho Badru aliyechonga maua. Mwezi huo ilitoka milango kumi na miwili, na Kitwana na Badru hawakuitwa hata mara moja.

Kitwana aliingia karakana ya Shomvi kwa teke, nyundo mkononi, Badru nyuma yake. Mashine mpya ilikuwa ikichonga ua kwenye ubao wa mlango, yenyewe. Bawaba za kiwandani zilijaa boksi zima.

"Zima," Kitwana alisema.

"Wateja wanataka mlango kesho, si mwezi ujao." Shomvi akatandaza kiganja juu ya ubao. "Ukitaka kuivunja, anza na mkono huu uliokulisha."

Kitwana alishusha nyundo bila kufikiri. Mifupa ikavunjika, damu ikatapakaa ubaoni, Shomvi akaanguka magotini akitapika. Kitwana akainua nyundo tena, safari hii akailenga mashine.

"Subiri," Badru alisema.

Alikuwa ameinama juu ya ubao. Ua lilikuwa na petali saba, na ya saba ilikuwa fupi. Lilikuwa kosa la marehemu baba yake, ambalo yeye alilirudia makusudi katika kila ua alilochonga.

"Hili ni langu," alisema taratibu. "Umeniibia, Shomvi."

Ncha ya mashine ikapita kwenye damu, ikaanza ua jingine. Badru akatoa msumari mfukoni, akausimamisha juu ya ile petali fupi, akamnyooshea Kitwana mkono kuomba nyundo.