Kaka wa Ijumaa

"Unasikia kinavyolia?" kaka aliniuliza. Sikusikia kitu. Kigari chake kilikuwa kinayapita malori bila hata kutikisika, na usukani kaushika kwa kidole kimoja tu.

Mwaka mzima, kila nilipomwomba anipeleke kwa mama, wimbo wake ulikuwa huo huo: "Hiki ni cha mjini, dada. Barabara kuu hakiiwezi, upepo wa malori utatutupa mtaroni." Nami kwa magongo yangu haya siwezi kupanda basi, hivyo nikamwamini. Leo tulikuwa tunakwenda kumzika mama.

Kwenye kizuizi cha ushuru wa barabara, mkata tiketi alichungulia dirishani, akacheka.

"Kaka wa Ijumaa! Leo suti nyeusi? Ufukweni huendi?"

Kaka alipokea tiketi, akapandisha kioo. Kizuizi kilipoinuka, aliukamata usukani kwa mikono yote miwili, kama mtu anayejifunza kuendesha.

Nyumba ya mama inatazamana na barabara hii hii. Kila Ijumaa alikuwa akinipigia simu kutoka barazani, mgonjwa yeye, kukijulia hali kigari cha kaka.

"Bado hakiwezi, mwanangu?"