Unyayo wa Kukataa

Nyika nzima ilikuwa na kisima kimoja, na mwenyewe alikuwa Nyegere. Digidigi, mwoga kuliko wote, alifika hoi kwa kiu.

"Kanyaga udongo huu ndipo unywe," Nyegere alimwambia. "Ukikanyaga, umekubali tukutambue."

Digidigi alimkumbuka dada yake. Dada huyo alikanyaga asubuhi, na jioni Chui, rafiki wa Nyegere, akazifuata nyayo zake hadi malaloni.

"Sikubali, bwana," alisema.

"Haki yako, mama. Wasiokubali hupitia mlango ule."

Digidigi akashusha pumzi, akaenda. Mlangoni akakuta udongo mbichi uleule.

"Na huu wa nini tena?"

"Kanyaga. Bila unyayo wako, tutakumbukaje kwamba ulikataa?"

Kiu haina ubishi. Digidigi akakanyaga, akanywa, akarudi nyumbani kumngoja Chui.