Saumu Alivyomsitiri Mama Yake

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na daktari wa ukutani, mashine iliyosikia na kujibu, na alichoandika yeye ndicho kilichofuatwa hadi shuleni. Saumu alitaka kumuuliza habari za mama yake, aliyeanza kusahau, lakini nani amwaibishe mzazi wake mbele ya ukuta? Akamsitiri, akayasema ya mama kama yake.

"Nasahau, daktari. Juzi nilipotea njia ya sokoni, nikapatikana jioni."

Daktari akamweleza kila kitu kwa upole.

Mchana akaenda shuleni kumchukua mtoto wake. Mwalimu akamzuia getini.

"Pole, Mama Tatu. Daktari ameandika kuwa unasahau, kwa hiyo mtoto hatoki na wewe tena. Amepewa bibi yake, mama yako."

Saumu akageukia barabarani. "Wameelekea wapi?"

"Bibi kasema wanapitia sokoni."