Bangili ya Elinami

Siku hizi mwenye moyo dhaifu humkabidhi mwenzi wake mishipa yake ya damu. Elinami alivaa bangili iliyounganishwa na mishipa ya mkewe, Ndeshau. Akitulia, mishipa hiyo hulegea. Akiingiwa na hofu au majonzi, hujikaza.

Daktari alikuwa amemkataza Ndeshau kupanda mlimani, kwani hewa ikiwa haba, mishipa ya mwenye moyo mgonjwa hujibana zaidi. Lakini mjukuu wake wa kwanza alizaliwa huko juu, nyumbani kwao Elinami. Nani angemzuia?

Kwenye mwinuko wa mwisho vidole vyake vikapoa, kifua kikambana.

“Umeogopa, Baba Aikaeli,” alimwambia mumewe. “Hebu imba!”

Elinami akaimba. Joto likamrudia Ndeshau hadi kwenye kucha, akapanda! Akaingia kihambani, shamba la ukoo, kwa miguu yake mwenyewe, vigelegele vikarindima migombani, akampakata mjukuu huku akicheka.

Ndipo alipokumbuka kaburi walilolipita pale migombani, udongo wake ukiwa bado mbichi. Mama yake Elinami alizikwa hapo bila mwanawe kuwapo, maana kilio chake kingemuua Ndeshau.

Elinami alilipita akiimba. Na sasa, mlangoni, alikuwa angali anaimba.